Somo la Kuwapo Ulipo

Mhariri amenitaka niandike somo litakalowafaa wanafunzi wakati wa likizo. Nimefikiri, nikaona kwamba masomo ya hesabu na jiografia yamo ya kutosha katika madaftari yenu. Lakini liko somo moja ambalo Baraza la Mitihani halilitahini, nalo hutahiniwa kila siku nje ya shule. Somo hilo ni kutosheka na saa uliyo nayo, katika zama hizi ambapo simu iliyomo mfukoni hutuita kila dakika twende mahali pengine.

Nina sababu ya kulichagua. Hapa shuleni simu haziruhusiwi, na kwa muda wote wa muhula mwanafunzi huishi bila hiyo, akasoma, akacheza, akacheka na wenzake. Siku ya kufunga shule hufika. Mwanafunzi huingia nyumbani Tarime, Sirari, Nyamwaga, Mugumu au Natta, na kwa wengi jambo la kwanza si kuwaamkia wazee, ni kuuliza chaja iko wapi. Basi yafaa tuzungumze kabla ya siku hiyo kufika.

1. MAANA YA KUTOSHEKA

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Neno moja ni kutosheka, la pili ni kubweteka. Mtu aliyebweteka ameacha kujitahidi. Shamba lake limeota magugu naye amekaa kivulini akisema kwamba Mungu atajalia. Mtu aliyetosheka analima shamba lilelile, jasho linamtoka, lakini moyo wake haumo katika shamba la mtu mwingine. Katika somo hili, kutosheka maana yake ni kuipa saa uliyo nayo, kazi uliyo nayo na mtu uliye naye moyo wako wote, bila kuviona duni kwa sababu tu mahali pengine pana vingine.

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka uliochakaa, msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Angalieni kwamba wahenga hawakusema mbacha ni bora kuliko msala. Walisema kwamba mbacha ni wako, umekwisha kutandikwa, na usiku huu utaulalia. Na huo msala unapita tu, nawe hujui ni wa nani wala unakwenda wapi. Methali hii ni ya kale, lakini ukiifikiri utadhani ilitungwa na mtu aliyekwisha kushika simu ya kisasa, kwa maana misala ipitayo mbele ya macho yetu kwa saa moja leo ni mingi kuliko ile ambayo babu zetu waliiona maisha yao yote.

2. MPAKA WA MACHO

Kujilinganisha na wengine si dhambi mpya, wala si tabia ya vijana peke yao. Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika makala akaeleza kwamba binadamu anapokosa kipimo cha kujipimia uwezo wake, hujipima kwa watu wengine, na hasa kwa wale walio karibu naye kwa hali na uwezo. Ndivyo ilivyo. Mkimbiaji wa darasa la sita hajilinganishi na bingwa wa dunia. Hujilinganisha na mwenzake wa dawati la nyuma.

Sasa fikirini jinsi kipimo hicho kilivyokuwa katika vijiji vyetu. Ukimwona jirani amenunua plau mpya, ulijua pia kwamba aliuza ndama wawili kuinunua, kwamba mkewe aliugua mwaka uliopita, na kwamba mahindi yake ya ule upande wa bonde yaliliwa na tembo. Ulimwona mzima, faida yake na hasara yake. Wivu ulikuwapo, lakini ulikuwa na dawa yake palepale, kwa sababu ulijua habari yote.

Mitandao ya kijamii imeuondoa mpaka huo kwa namna mbili. Kwanza, imeongeza idadi ya tunaojilinganisha nao. Kijana wa Mugumu aweza asubuhi moja kujipima na watu 200 wa Dar es Salaam, Nairobi, Dubai na London. Pili, imetupunguzia habari za kila mmoja wao. Huonyeshwa gari, hatuonyeshwi deni. Huonyeshwa harusi, hatuonyeshwi wiki zilizofuata. Wahenga wametuachia methali mbili za kutusaidia hapa. Ya kwanza ni "Ukiona vyaelea, vimeundwa," nayo hutukumbusha kwamba nyuma ya chombo kizuri kuna seremala, mbao, misumari na siku nyingi za kazi zisizoonekana katika picha. Ya pili ni "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Kitu kinachojitembeza mbele yako mchana kutwa yafaa ukiulize kwanza kwa nini kinahangaika hivyo.

Nitatoa mfano mmoja. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye sitamtaja, alirudi kutoka likizo akiwa amebadilika. Alikuwa hodari wa hesabu, sasa akawa anakaa nyuma na kutazama dirishani. Nilipomwita akaniambia, "Mwalimu, kwetu hakuna kitu." Nilishangaa, maana nimewahi kufika kwao, kule juu kwenye milima ya Tarime. Nilikuta migomba, mibuni iliyopandwa kwa mistari, ng'ombe wawili wa maziwa, na mama anayejulikana sokoni kwa uaminifu wake. Nikamwuliza ni nani aliyemwambia kwamba kwao hakuna kitu. Akaniambia habari za kijana mmoja wa umri wake anayemfuata mtandaoni, ambaye kila siku huonyesha viatu vipya na magari. Nikamwuliza, "Mwanangu, viatu vile ni vyake?" Akanyamaza, kisha akasema hajui. Nikamwuliza kama amewahi kumwona kijana yule akila chakula na mama yake. Akasema hapana.

Jambo lililonitia hofu si viatu. Ni kwamba mwanafunzi yule alikwisha kuazimia kuacha shule aende machimboni akatafute dhahabu, ili naye apate cha kuonyesha. Mpaka ninapoandika haya yuko darasani, na wazazi wake na walimu tumo katika mazungumzo naye. Lakini mnaona wenyewe jinsi saa chache za kila siku, katika mwezi mmoja wa likizo, zilivyotosha kumfanya mtoto auone umaskini mahali ambapo mwezi uliotangulia aliona kwao.

3. KWA NINI NI VIGUMU KUIWEKA SIMU CHINI

Watu wengi huwalaumu vijana kwamba hawana nidhamu. Nidhamu yatakiwa, sikatai. Lakini haifai kumlaumu samaki bila kuitaja ndoana. Tuitazame ndoana yenyewe.

Mitandao mingi hutumiwa bila malipo. Makampuni yenye mitandao hiyo hupata fedha zake hasa kwa matangazo ya biashara, na tangazo huwa na thamani pale tu linapoonwa na mtu. Basi bidhaa inayouzwa ni uangalifu wetu, yaani muda ambao macho na mawazo yetu yamo mle. Herbert Simon, mtaalamu wa Marekani, alikwisha kueleza mwaka 1971 kwamba habari zinapozidi kuwa nyingi, kitu kinachopungua ni uangalifu wa wale wanaozipokea. Kinachopungua hupanda bei, nacho hugombaniwa. Nitaeleza njia tatu zinazotumiwa kukigombania.

Njia ya kwanza ni ukurasa usio na mwisho. Kitabu kina sura, na sura ina mwisho. Ukifika hapo hupumua na kujiuliza kama uendelee. Mwaka 2006 fundi mmoja wa kompyuta wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila unaposhuka, usifike mwisho. Miaka ya baadaye yeye mwenyewe alieleza hadharani kwamba anajutia matokeo yake.

Njia ya pili ni hesabu ya sifa. Facebook ilianza mwaka 2004, nayo mwezi Februari 2009 ikaongeza alama ya kidole gumba, hiyo vijana waiitayo laiki. Tangu hapo picha ya mtu ikawa na alama zake kama karatasi ya mtihani. Zamani ulipiga picha na ndugu zako siku ya sikukuu, ikatundikwa ukutani, ikakaa miaka 20 bila mtu kuipa maksi.

Njia ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nayo ni malipo yasiyotabirika. B. F. Skinner, mtaalamu mwingine wa saikolojia, aliwafanyia njiwa majaribio kwa miaka mingi, na mwaka 1957 yeye na Charles Ferster walitoa kitabu kikubwa juu ya majaribio hayo. Waliona kwamba njiwa anayepewa punje kwa nyakati asizoweza kuzibashiri huendelea kudonoa kwa bidii, hata punje zinapokuwa adimu. Wavuvi wa Musoma wanalijua jambo hili bila kufanya majaribio. Mtu akitupa ndoana ziwani, mara hupata sato, mara hupata majani, mara hapati kitu. Na kwa sababu hajui kitakachokuja, husema, "Mara moja tena," mpaka jua linazama. Kufungua simu ni vivyo hivyo. Labda kuna ujumbe, labda hakuna; labda stetasi imetazamwa na yule unayetaka aitazame. Tofauti ni kwamba mvuvi hurudi nyumbani na kitoweo, na mwenye simu hurudi na bando lililokwisha.

Nayasema haya ili mjue kwamba anayeona vigumu kuiweka simu chini si mjinga wala si mtu mbaya. Anavutana na watu wengi werevu wanaolipwa mishahara mikubwa ili asiiweke chini. Ajuaye hivyo huacha kujilaumu bure, akaanza kutafuta mbinu.

4. MFANO WA MTO MARA

Mungu ametuweka karibu na jambo ambalo watu husafiri maelfu ya kilometa kuja kulitazama. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, ina eneo la kilometa za mraba 14,763, na tangu mwaka 1981 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kila mwaka nyumbu wanaozidi milioni moja, pamoja na pundamilia na swala, huzunguka wakifuata mvua na majani. Mnamo mwezi Julai hadi Oktoba wengi wao huwa upande wa kaskazini, ambako Mto Mara, utokao nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita kabla ya kwenda kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Hapo nyumbu huvuka, na mamba huwangoja majini.

Mwezi Julai mwaka 2025, huko Kogatende, wageni wengi walishuka katika magari, jambo lisiloruhusiwa mahali kama hapo, wakajipanga ukingoni mwa mto na simu na kamera zao. Nyumbu waliokuwa wakivuka wakakuta ukuta wa watu mbele yao. Picha za video za tukio hilo zilienea duniani, na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, likatoa taarifa kwa umma.

Tulitafakari tukio hili tulipokuwa darasani, nami nawaletea mafunzo mawili tuliyoyapata. Fundisho la kwanza ni dhahiri. Watu wale walikuja kuona nyumbu wakivuka, na haja yao ya picha ikawazuia nyumbu kuvuka. Tamaa ya kuonyesha kitu ililiharibu lile jambo lililokuwa la kuonyeshwa. Ndivyo inavyotokea hata kwetu, katika mambo madogo. Siku ya mahafali mzazi hutoka Borega usiku ili amwone mwanawe akipokea cheti, kisha humtazama kupitia kioo cha simu, akihangaika na mwanga, na baada ya sherehe huuliza, "Mkuu wa shule alisemaje?"

Fundisho la pili lililetwa na msichana mmoja wa kidato cha nne anayetoka Robanda, kijiji kilicho jirani na hifadhi. Alisema hivi: "Wageni wote wanataka kuona kuvuka, na picha zote ni za kuvuka. Lakini sisi tunaowaona nyumbu kila mwaka twajua kwamba kazi yao kubwa ni kula majani." Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, maana alikuwa amesema kweli. Kundi huvuka kwa dakika chache. Siku nyingi za mwaka hula, hutembea, hucheua na kunyonyesha. Ungedhani, kwa kutazama picha, kwamba nyumbu huishi majini kati ya mamba.

Na maisha ya binadamu ni hivyo hivyo. Siku za kuvuka zipo: kufaulu mtihani, kuoa au kuolewa, kupata kazi, kuzaa mtoto. Nazo ni chache. Zilizobaki ni siku za majani: kuteka maji, kufua sare, kusoma ukurasa uleule mara ya tatu mpaka ueleweke, kupalilia, kumsikiliza bibi akirudia hadithi aliyokwisha kuisimulia. Mitandao hutuonyesha kuvuka kwa watu wote wa dunia kila siku, nasi tukitazama majani yetu twadhani tumeachwa nyuma. Hatukuachwa. Yule tuliyemwona akivuka leo, kesho naye yuko malishoni, ila hakuipiga picha siku hiyo.

5. AKILI ISIYOKAA NYUMBANI

Je, kuna ushahidi kwamba kuwapo ulipo humletea mtu furaha, au ni mawaidha ya wazee tu? Upo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 2,250. Kwa kutumia programu ya simu, waliwauliza watu hao kwa nyakati za kushtukiza: unafanya nini sasa, unawaza nini, na unajisikiaje? Waliona kwamba karibu asilimia 47 ya nyakati hizo mtu alikuwa akiwaza jambo lisilokuwa lile alilokuwa akilifanya, na kwamba watu walikuwa na furaha ndogo zaidi akili zao zilipokuwa zimetangatanga. Hata waliowaza mambo ya kupendeza hawakuwa na furaha kuzidi wale ambao mawazo yao yalikuwa katika kazi waliyokuwa nayo. Angalieni pia kwamba uchunguzi huu ulifanywa kwa simu. Simu ni chombo; chaweza hata kutufundisha madhara yake.

Uchunguzi mwingine ulitolewa mwaka 2020 na Hunt Allcott na wenzake. Watumiaji wa Facebook wa Marekani waliokubali walilipwa ili waufunge ukurasa wao kwa wiki 4 mwaka 2018. Walijipatia wastani wa saa moja hivi kwa siku, wakatumia muda zaidi na jamaa na marafiki, na hali ya nafsi zao ikawa njema kidogo. Naandika "kidogo" kwa makusudi. Nafuu haikuwa kubwa, na tena watu hao walijua habari chache zaidi za siasa. Mwenye kuwaambia kwamba ukiitupa simu utaingia peponi anawadanganya. Lakini saa moja kwa siku, kwa mwanafunzi, katika likizo ya siku 30, ni saa 30, nazo zatosha kusoma vitabu kadhaa au kujifunza kukamua ng'ombe vizuri.

Wazee wetu hawana takwimu, ila wana macho. Muhula uliopita mzee mmoja wa Tarime alikuja shuleni kulipa michango. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu alikuja likizo, lakini mpaka anaondoka hakuwa amefika." Nikamwomba anieleze. Akasema kwamba alimpa kijana wake ng'ombe 14 awachunge. Jioni akamwuliza, "Mura, wote wamerudi?" Kijana akajibu kwamba wote wamerudi, bila kuinua macho. Mzee akahesabu, akapata 13. Mtamba alikuwa ameingia katika mahindi ya jirani, na ikabidi mzee alipe debe mbili za mahindi. "Sikukasirika kwa ajili ya mahindi," mzee akasema. "Nilikaa naye siku 30, na sikumbuki siku moja tuliyozungumza yeye akinitazama."

Kuchunga ni kazi ya macho, na kazi zetu nyingi ni za namna hiyo. Mchumaji wa kahawa huchagua tunda jekundu na kuliacha la kijani. Akichuma huku anatazama pengine, huharibu debe zima. Mlinzi wa shamba aliye juu ya dungu usiku, katika vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, husikiliza mabua yakivunjika, kwa maana tembo aweza kumaliza chakula cha mwaka kwa usiku mmoja. Mpigaji wa litungu, ala ya nyuzi 8 ya Wakurya, hukaza uzi mmoja mmoja huku akisikiliza kabla ya kuanza. Watu hawa hawakuwahi kuambiwa "ishi katika saa uliyo nayo", lakini kazi yao huwalazimisha kufanya hivyo, na mkiwatazama nyuso zao wakati wa kazi mtaona utulivu. Mshika mawili, moja humponyoka.

6. JE, KUTOSHEKA SI KUKUBALI UMASKINI?

Swali hili liliulizwa darasani, nalo ni swali zuri. Mwanafunzi alisema, "Mwalimu, ukituambia tutosheke, wataka tusitamani kuendelea?"

Jibu langu ni hapana. Darasa likikosa madawati, au zahanati ikikosa dawa, kunyamaza si kutosheka. Hiyo ni haki inayodaiwa kwa njia zake, na mtu aliyetulia huidai vizuri kuliko aliyevurugika. Tena elimu yenyewe ni kutamani. Tofauti iko katika kitu unachokitamani, na katika mahali moyo unapokaa wakati wa kukingoja.

Mkulima wa kahawa hutamani mavuno kuliko mtu yeyote. Hata hivyo mbuni hungoja kiasi cha miaka 3 au 4 kabla ya kuzaa vizuri, na toka ua mpaka tunda jekundu kuna miezi mingi. Mkulima hawezi kuishi miaka hiyo yote akiwa amenuna. Huweka matandazo, hupogoa, hutazama majani kama yana ugonjwa. Kazi ya leo ndiyo mavuno yake ya leo.

Mkoa wetu unao mfano wa mtu maarufu. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Mwaka 1963, nchi ikiwa changa na yeye akiwa Rais mwenye mambo mengi mno, ilitolewa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka nyingine, Mabepari wa Venisi. Kazi ya kutafsiri tamthilia haifanywi kwa akili iliyogawanyika. Mtu hukaa na mstari mmoja mpaka ukubali. Na mwaka 1985 alipong'atuka alirudi Butiama, akalima. Nani atasema kwamba mtu huyo hakutamani maendeleo? Alijua kuwa kazini saa ya kazi, na nyumbani saa ya nyumbani.

7. NENO KWA WAZAZI

Wazazi wapenzi, simu imetuletea mema mengi. Kwa simu mama wa Nyamongo husikia sauti ya mwanawe aliye Mwanza, karo hulipwa bila safari, na matokeo ya mitihani husomwa siku ileile yanapotangazwa. Simwombi mtu yeyote aivunje.

Naomba jambo moja tu. Watoto hujifunza zaidi kwa kutazama kuliko kwa kuambiwa. Baba anayekemea simu ya mtoto huku yake imo mkononi wakati wa ugali, amefundisha somo kinyume cha alilokusudia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wekeni saa moja ya jioni ambayo simu zote za nyumba, kubwa na ndogo, zitakuwa mahali pamoja. Na mtoto anapoeleza habari za shule, hata kama ni ndefu na hazina maana, mtazameni usoni.

8. MAZOEZI YA LIKIZO

(a) Siku ya kwanza nyumbani, waamkie wote na uzunguke boma lote kabla ya kugusa simu. Taja moyoni vitu vitano vilivyobadilika tangu ulipoondoka.

(b) Chagua saa maalumu za simu, na nunua bando la kiasi hicho. Zima arifa, ili wewe uiite simu, isiwe simu inakuita wewe.

(c) Usiku simu isilale chumbani mwako.

(d) Ukiona jambo zuri, litazame kwanza mpaka utosheke. Kisha, ukitaka, lipige picha.

(e) Ukimwona mtu mtandaoni ukajiona duni, jiulize maswali matatu: Nimeonyeshwa nini? Nimefichwa nini? Nilikuwa nafanya nini kabla ya kumwona?

(f) Mkalishe mzee mmoja, umsikilize kwa nusu saa bila kumkatiza, kisha uandike alichokueleza kwa ukurasa mmoja. Leteni insha hizo siku ya kufungua shule. Zilizo bora zitachapwa katika gazeti hili muhula ujao.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya kutosheka na kubweteka kwa mfano wa kijijini kwenu.
2. Kwa nini kujilinganisha na jirani kulikuwa na dawa yake, na kujilinganisha na watu wa mtandaoni hakuna?
3. Taja njia tatu zinazotumiwa kuyavuta macho yetu. Ipi ina nguvu zaidi kwako, na kwa nini?
4. Msichana wa Robanda alisema kazi kubwa ya nyumbu ni kula majani. Andika "majani" yako matatu, yaani kazi tatu za kila siku usizozipiga picha, na ueleze thamani yake.
5. Mzee wa Tarime alisema mwanawe alikuja lakini hakufika. Je, wewe likizo hii utafika?

Nawatakieni nyote safari njema na likizo yenye heri.